Fidla ya Shetani na Uwanja wa Mbina

Steven Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, na hazikupita siku nyingi kabla ya watu kuanza kutafuta sababu inayolingana na ukubwa wa jina lake. Alizaliwa Shinyanga Januari 1984, akasoma Shule ya Msingi Bugoyi, akaingia kundi la maigizo la Kaole akiwa kijana asiye na jina, na miaka kumi baadaye alikuwa mwigizaji anayejulikana kuliko wote nchini. Madaktari walisema ubongo ulipata mtikisiko. Mtaani maelezo hayo yalionekana madogo mno. Watu wakasema ni Frimasoni. Wakaikumbuka Devil Kingdom, filamu aliyocheza na Mnigeria Ramsey Nouah kuhusu mapatano na nguvu za giza, wakadai ametoa siri za wenyewe au amekiuka masharti. Mtu aliyefanya kazi usiku na mchana, aliyejifunza kuongoza, kuandika na kuuza filamu zake mwenyewe, akageuzwa ghafla kuwa mtu aliyepewa.

Karibu miaka mia mbili kabla yake, Ulaya ilisema maneno hayohayo juu ya Niccolò Paganini. Mpiga fidla huyo alizaliwa Genoa, Italia, mwaka 1782. Baba yake, mfanyabiashara mdogo wa bandarini, alimshurutisha kufanya mazoezi tangu utotoni kwa ukali wa kutisha. Mwaka 1820 zilichapishwa kaprisi zake 24, tungo fupi za fidla peke yake ambazo hadi leo ndizo mtihani wa kila mpiga fidla anayejiita stadi. Alipofika Vienna mwaka 1828, kisha Paris na London mwaka 1831, watu walizimia kumbini. Aliweza kupiga utungo mzima juu ya uzi mmoja. Alikuwa mwembamba kama mgonjwa, na kweli alikuwa mgonjwa: alitibiwa kaswende kwa zebaki, zebaki hiyohiyo ambayo wachimbaji wadogo wa Geita hukamatia dhahabu kwa mikono mitupu, na zebaki ikamharibu meno na afya nzima. Waliomtazama jukwaani hawakuona ugonjwa wala mazoezi ya miaka thelathini. Waliona mkataba. Ilibidi achapishe barua ya mama yake magazetini kuthibitisha kwamba alizaliwa na binadamu. Mwaka 1831, akiwa Paris, alichapisha barua nyingine kukanusha uvumi kwamba alimuua mwanamke na kujifunza fidla gerezani.

Sinema haijawahi kumwacha. Mwaka 1946 Waingereza walitoa The Magic Bow, Stewart Granger akiigiza na Yehudi Menuhin akipiga fidla inayosikika. Mwaka 1989 Klaus Kinski aliongoza na kuigiza filamu yake mwenyewe juu ya Paganini, kazi ya hasira na tamaa. Mwaka 2013 Bernard Rose akatoa The Devil's Violinist, na ndani yake David Garrett, mpiga fidla wa kweli kutoka Ujerumani, akawa Paganini. Katika filamu hiyo ya mwisho anatokea bwana mmoja aitwaye Urbani, aliyeigizwa na Jared Harris. Anamwendea msanii aliyekwama na kumwahidi umaarufu, kwa sharti kwamba deni litalipwa baadaye. Urbani huyu wa filamu ni wa kubuni. Ameundwa ili uvumi wa mwaka 1831 upate sura, suti na sauti.

Nayaeleza haya kwa sababu hadithi ya aina hii inatamanisha, na waandishi wetu wa filamu huikimbilia: msanii stadi, sifa, pesa, mapenzi ya hatari, anguko. Je, inaweza kusimuliwa Shinyanga na Geita? Naamini inaweza, na inafaa kusimuliwa. Ila mkataba na shetani hauna budi kubaki nje, kwa sababu katika ukanda wa dhahabu mkataba huo umeshaua watu. Isitoshe, Usukuma una namna yake ya kuuelewa umaarufu ambayo ni pana na ya kweli kuliko ile iliyomzaa Urbani.

Nianze na vifo. Miongoni mwa uvumi uliomwandama Paganini kulikuwa na ule wa nyuzi: kwamba fidla yake ilifungwa nyuzi za utumbo wa mwanamke aliyemuua. Nyuzi za fidla za wakati ule zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo, jambo la kawaida kabisa, na hofu ikaongezea yaliyobaki. Mtazamaji wa Ulaya akilisikia hilo leo husisimka, halafu huenda kulala. Mtazamaji wa Kahama, Bukombe au Nyarugusu analisikia kwa masikio mengine. Kuanzia mwaka 2007 hivi, mikoa ya Kanda ya Ziwa ilishuhudia watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo, kwa sababu mtu fulani aliambiwa kiungo kikiwekwa kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji, dhahabu itatoka, au kikifungwa kwenye nyavu samaki watajaa. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana mmoja wa Bukombe, na hiyo ndiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wanaopiga ramli chonganishi. Huko Shinyanga, kwa miaka mingi, vikongwe nao waliuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni.

Imani inayoendesha mauaji hayo ni moja na ile ya Urbani, ila imeondolewa mapambo ya opera: kwamba mafanikio ya mtu hayatokani na alichokifanya, yanatokana na kitu alichokitoa kwa siri, na kitu hicho ni mwili au roho ya mwingine. Machimboni imani hii ina mbolea ya kutosha. Dhahabu haina haki. Wawili wanachimba maduara yaliyopakana, kina kilekile, jasho lilelile. Mmoja anakutana na mwamba wenye mali, mwingine anakutana na maji. Mwenye bahati ananunua gari mwezi huohuo. Jirani yake anahitaji maelezo, na maelezo ya kijiolojia hayamtoshi mtu aliyeuza ng'ombe wa baba yake kugharimia magogo na baruti. Mwandishi wa filamu anayeleta mahali hapo hadithi ya kipaji kilichonunuliwa kwa giza anamthibitishia jirani huyo kile anachokishuku. Filamu zetu za kutisha, kuanzia Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zilipata watazamaji wengi kwa majini na mizuka, nami siwalaumu waliozitengeneza. Jini wa hadithi ni mali ya hadithi. Lakini kuna umbali mkubwa kati ya jini anayetokea makaburini na tajiri aliyetajirika kwa kafara. Huyu wa pili anafanana na mtu aliye hai anayekaa mtaa wa pili.

Je, tukiondoa giza, kipaji kinabaki na nini cha kusimulia? Hapa ndipo Usukuma unapojibu.

Katikati ya karne ya 19 waliishi Usukumani watu wawili, Ngika na Gumha. Wote walikuwa wachezaji ngoma mashuhuri na waganga. Ubishi ulikuwa nani kati yao ana dawa yenye nguvu zaidi. Haukuamuliwa kwa vita wala kwa mtemi. Uliamuliwa uwanjani, kwa ngoma, na mshindi alikuwa yule aliyewavuta watazamaji wengi. Wafuasi wao wakawa vyama viwili, Bagika na Bagalu, na ushindani huo haujazimika hadi leo. Baada ya mavuno, kuanzia Juni, mavumbi ya mbina, ngoma za mashindano, hutimka: vikundi viwili vinacheza kwenye uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila kimoja na duara lake la watu. Hakuna meza ya majaji wanaoandika alama. Watazamaji wanatembea. Upande ukipoa, wanahama. Upande ukichangamka, wanarudi wakikimbia. Anayeshinda ni yule ambaye jua likizama watu wako kwake.

Nimesoma habari nyingi za tamasha na tuzo za sinema, na sijui kanuni ya kupima sanaa iliyo kali kuliko hii. Paganini alipofika London alipandisha bei ya tiketi hadi watu wakapiga kelele na ikabidi ashushe. Hata hivyo, mtu akishalipa na kuketi ameketi. Manju wa Kisukuma, kiongozi na mtunzi wa ngoma, hana kiti cha kumfunga mtazamaji. Kila dakika anaweza kuachwa, na akiachwa ataona kwa macho yake wanakokwenda. Ndiyo maana vikundi vilibuni kila kitu: majembe yanayorushwa hewani na kudakwa katika ngoma ya bugobogobo, chatu anayechezewa mikononi, sanamu za mbao zenye viungo vinavyotingishika, nyimbo za kumkejeli mpinzani kwa jina lake na kwa habari zake za nyumbani. Nguvu ya wimbo wa manju iko kwenye kisu cha maneno, na kisu hicho kinanolewa mwaka mzima, shambani, watu wakilima kwa safu. Mtafiti Frank Gunderson aliyekusanya nyimbo za kazi za Wasukuma na kuzitolea kitabu kikubwa mwaka 2010 alionyesha jinsi jembe na ngoma vilivyoshikana: kikundi cha kulima ndicho kikundi cha kucheza.

Na dawa? Ipo, wala haifichwi. Inaitwa samba, dawa ya kuvuta watu. Manju huimba wazi kwamba anayo, humtaja na kumsifu aliyempa, na mpinzani hujibu kwamba ya kwake ni kali zaidi. Hapa ndipo hadithi ya Urbani inapokosa pa kusimama. Kwa Paganini dawa ni kashfa; inanong'onwa, inachafua jina, na mwisho inamnyima mtu kaburi. Kwa Ngika na Gumha dawa ni sehemu ya ufundi, inatangazwa kama bondia anavyomtangaza kocha wake. Haikutokana na mkataba wa siri na kiumbe wa giza. Ilitokana na uanafunzi kwa mwalimu anayejulikana, na ilipimwa hadharani mbele ya kila mtu. Mtu anaweza kuamini samba au asiiamini, na mimi naamini zaidi mazoezi, lakini mwandishi wa filamu ashike tofauti hii kwa mikono miwili. Usukuma ulikuwa na njia ya kuzungumza juu ya nguvu ya msanii bila kumgeuza mhalifu. Kilichokuja kuua watu machimboni ni kitu kingine: utajiri usio na uwanja, unaotokea gizani chini ya ardhi bila shahidi, na ramli ya mtu anayelipwa kwa kutaja kafara.

Tofauti nyingine inanigusa zaidi. Paganini alifariki Nice tarehe 27 Mei 1840. Askofu wa mji alikataa azikwe katika ardhi iliyobarikiwa. Mwanawe Achille, aliyempata kwa mwimbaji Antonia Bianchi, alihangaika na maiti ya baba yake kwa miaka mingi, ikihamishwa huku na huko, hadi ilipopata kaburi Parma mwaka 1876. Miaka 36. Kanisa hilohilo la Katoliki, kwa mkono wa padri Mkanada David Clement wa Wamisionari wa Afrika, lilifika Bujora karibu na Kisesa katika miaka ya 1950 na kufanya kinyume kabisa. Clement alijifunza nyimbo, akaziingiza kwenye ibada, akasaidia kuanzisha makumbusho ya Wasukuma, na sikukuu ya Ekaristi ya mwezi Juni ikawa Bulabo, ambapo Bagika na Bagalu hushindana kwenye uwanja wa Kisesa. Wapo wanaomlaumu kwa kuifanya ngoma kuwa maonyesho, na lawama hiyo ina uzito; ngoma inayochezwa kwa ajili ya wageni hubadilika. Hata hivyo msanii mwenye dawa ya kuvuta watu alipata mahali ndani ya sikukuu ya Kanisa, na hilo ni jambo la kutazamwa kwa makini na yeyote anayetaka kujua watu wa hapa wanamwonaje stadi wao.

Sasa mapenzi, maana bila hayo mtayarishaji hatatoa hela. Filamu ya Rose inamweka Paganini mbele ya Charlotte Watson, binti wa mwenyeji wake London, mwimbaji kijana, na inawafanya wapendanao walioharibiwa na Urbani. Historia ina sura nyingine. Mwaka 1834 Charlotte, ambaye hakuwa ametimiza miaka 20, aliondoka nyumbani kwenda Boulogne, Ufaransa, ambako Paganini mwenye miaka 51 alikuwa akimsubiri. Baba yake alimtangulia na kumrudisha. Magazeti yakawaka, Paganini akajibu kwa barua, kila upande ukidai ndio ulioonewa. Katika kelele zote hizo sauti ya binti mwenyewe ndiyo inayosikika kwa shida kuliko zote. Filamu imempa wimbo mzuri wa kuimba, ikamnyima haki ya kuwa mtu mwenye maamuzi, madai na maisha yaliyoendelea baadaye.

Katika habari ya Kanumba kosa hilohilo liko karibu sana. Usiku ule alikuwa na Elizabeth Michael, Lulu, mwigizaji aliyekua mbele ya kamera tangu utotoni na ambaye wakati huo bado alikuwa binti mdogo. Mahakama Kuu ilimtia hatiani Novemba 2017 kwa kuua bila kukusudia na kumpa kifungo cha miaka miwili; Mei 2018 aliruhusiwa kumalizia adhabu nje kwa huduma ya jamii. Kati ya mwaka 2012 na 2017 nchi nzima ilizungumza juu yake kana kwamba ni mhusika wa hadithi ya mtu mwingine. Siku moja itatengenezwa filamu ya kuigiza ya maisha ya Kanumba, sina shaka. Atakayeiandika akimfanya Lulu chambo cha kishetani, au akimfanya Kanumba malaika aliyeponzwa, atakuwa amerudia ya Boulogne. Ugumu wa maisha yale uko kwenye mambo ya kawaida: umri, pesa, simu, wivu, pombe, na kasi ya umaarufu ambayo hakuna aliyemfundisha yeyote kati yao namna ya kuibeba.

Kuna jambo la ufundi ambalo wachambuzi wa sinema hulipitia haraka, nami naliona ndilo kubwa. Filamu kuhusu stadi hufa au kupona kwa mikono. Ukimwona mwigizaji anaupeleka upinde kushoto na sauti inakwenda kulia, imani yako yote inakatika. The Magic Bow ilikopa sauti ya Menuhin na kuificha mikono ya Granger. The Devil's Violinist ilichagua kinyume: ilimchukua mpiga fidla na kumfundisha kuigiza. Uigizaji wa Garrett una ganzi, maneno yake mengi hayana uhai, lakini anapopiga huna haja ya kuambiwa kwa nini London ilipagawa. Kwa filamu ya mbina sioni njia nyingine. Manju hawezi kuigizwa na nyota wa Dar es Salaam aliyekariri mistari ya Kisukuma wiki mbili. Kutunga papo hapo, kumjibu mpinzani kabla vumbi halijatua, kuisoma hadhira inayoanza kuondoka mguu mmoja mmoja, hayo ni mazoea ya mwili yanayopatikana kwa miaka. Achukuliwe manju, afundishwe kamera. Vyombo vyenyewe navyo vina watu wake: wapo wapiga zeze wa Ugogo, ukoo wa sanaa uliomtoa Hukwe Zawose, aliyefariki Desemba 2003 baada ya kulifikisha zeze lake kwenye majukwaa makubwa ya dunia, wapo wapiga fidla wa taarabu ya Zanzibar, ambako Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905. Kila mahali penye stadi kuna mikono ambayo haikopesheki.

Na iwe kwa Kisukuma. Nalisema hili nikijua wasambazaji watakataa. Kisukuma ndiyo lugha ya kwanza ya watu wengi kuliko lugha nyingine yoyote ya asili nchini, na waimbaji wake wanaorekodi video Kahama, Geita na Mwanza wamethibitisha kwamba hadhira ipo na inalipa. Maandishi ya Kiswahili chini ya picha yanatosha kwa wengine. Kejeli ya manju ikitafsiriwa na kusemwa upya na mwigizaji inapoteza meno. Vibanda umiza, vibanda vya kuonyeshea filamu, vya machimboni vilishatufundisha kitu hapa: kwa miaka mingi filamu za Wachina, Wahindi na Wamarekani zimetazamwa na wachimbaji kupitia sauti ya mtafsiri aliyeweka maneno yake juu ya sauti ya filamu, anayecheka, anayeonya, anayempa mhusika jina la mtaani. Watazamaji hao hawaogopi lugha wasiyoijua. Wanachotaka ni mtu wa kuwaongoza ndani yake.

Pesa ya kutengeneza itatoka wapi? Ukanda huu haujawahi kukosa pesa. Umekosa pesa inayobaki. Mwanajiolojia Williamson aligundua almasi Mwadui mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Kanumba aliondoka Shinyanga, akapitia Kaole, akapata jina kupitia Dar es Salaam na Lagos, kwa sababu kwao hapakuwa na studio, shule ya sanaa wala msambazaji. Mkoa wa Geita ulizaliwa rasmi mwaka uleule aliofariki, na migodi ya eneo hilo huchangia madarasa, zahanati na visima kwa utaratibu wa sheria. Sanaa haimo kwenye orodha hizo, au imo kama kikundi cha ngoma kinachoitwa kumpokea mgeni rasmi, kikacheza dakika kumi na kupewa soda. Kwa upande wa pili yupo mwenye duara aliyepata mali, ambaye kwenye sherehe humtunza manju kwa mafungu ya noti mbele za watu. Huyu ndiye Urbani wa kweli wa Geita, na hana pembe. Anapenda ngoma kwa dhati, anataka jina lake liimbwe, na noti zake zinaweza kumfanya manju aache kuwaimba wakulima. Pale ndipo ninapoiona drama: mtunzi aliyepata umaarufu kwa kusema ukweli wa wenzake wa jembe, anajikuta analipwa vizuri zaidi kwa kumsifu mtu mmoja, na uwanjani watu wanaanza kuhama. Hakuna shetani anayehitajika. Mtazamaji wa Katoro au Kakola atamtambua kila mtu aliyemo.

Hadithi kama hiyo pia inarudisha mwanamke kwenye nafasi yake. Mbina ina wachezaji na waimbaji wanawake, na machimbo yanaendeshwa nao kwa sehemu kubwa: wanaoponda na kuosha mawe kwenye mialo, wanaopika, wanaokopesha. Mpenzi wa manju akiwa mwanamke wa mwalo mwenye hela zake, anayeweza kumwondokea na kumtungia wimbo wa kumjibu, mapenzi yanakuwa mashindano ya watu wawili wenye sauti, na kashfa inapimwa palepale inapopimwa kila kitu kingine Usukumani, mbele ya watu wenye miguu.

Limebaki moja ambalo haliwezi kusubiri mtayarishaji wa filamu apatikane. Nyimbo za Bagika na Bagalu zina watunzi, na watunzi wana majina, hata pale zinapoitwa za asili. Mtu akitaka kuziweka kwenye filamu, kikundi kilipwe kwa mkataba ulioandikwa na kusomwa kwa lugha wanayoielewa, na haki zisajiliwe COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, kwa jina lao kabla kamera haijawashwa. Kazi hiyo inaweza kuanza Kisesa mwezi Juni wowote, kwa daftari na kinasa sauti, kwa gharama ndogo mno ikilinganishwa na siku moja ya kupiga picha, na wazee wanaojua ni nani alimtungia nani na kwa kisa gani wanapungua kila msimu wa mavuno.